Kachupa Ndani ya Basini

Bukavu, mwezi wa kumi na moja

Dada yangu mukubwa, Yaya Colette,

Amani ya Bwana ikukute muzima hapo Katana, wewe na Papa Ignace na wote wanaokula kwako. Magoti yako yanasema nini na hii baridi? Nauliza sababu mvua ya huku imepita kipimo, nguo inalala kwenye kamba siku mbili na bado ina maji, na ukuta wa chumba unatoka jasho. Mimi niko, namushukuru Mungu. Utashangaa kuona barua wakati simu iko. Kwa simu pumzi inakatika mbele sijamaliza salamu, kisha unasikia nalia, unaanza kulia na wewe, unité za simu zinaisha na hatujaambiana kitu. Kwa karatasi napumzika nikitaka.

Unajua tangu bwana yangu Cyprien afe, kwenye Kwaresima ya mwaka jana, nyumba imebaki kubwa. Mutoto wetu Destin yuko Kamituga na machimbo yake, mama anamukumbuka Noeli ikifika. Kwaya niliacha, sauti inafika nusu ya wimbo, inabaki pale.

Siku ya kwanza ya juma lililopita, Jumatatu, niliwasha makala ya kupikia ndani sababu ya mvua. Moshi ikanishika kifua. Nikatikisa pompe yangu ya asma, nikaiweka mudomoni, nikafinya. Ikatoa kitu kama mate ya mutoto, matone ya baridi juu ya ulimi, na kifuani hakukwenda kitu. Nikafinya tena, vilevile. Nikapiga ukuta wa mbao na mwiko, na jirani yangu Mama Zabibu, ule Mwislamu wa kuuza vitenge, akaingia bila hodi. Alinipakia kwenye moto, ile pikipiki ya kukodi, katikati yake na chofa anayeiendesha, akanigombeza njia yote kwenye sikio, ati nisithubutu kufa mbele sijamurudishia sufuria yake.

Kwa centre de santé, kituo cha afya cha huku, wakanivalisha maski ya mvuke mpaka pumzi ikarudi. Ndipo Évariste, infirmier anayetunza wagonjwa pale, akachukua pompe yangu, akaifungua, akauliza naitunza namna gani.

Nikamueleza. Kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha misa, Cyprien alikuwaka anatoa kachupa ka chuma ndani ya plastiki yake, anakatumbukiza ndani ya basini ya maji. Kakizama, dawa iko. Kakielea, tutafute ingine. Alijifunza vile wakati alikuwa anafagia hospitali. Tulikuwa tunakaa wawili, tunaangalia kama watu wanaoangalia mutoto akioga, na yeye anasema: “Mama, pumzi yako ingali iko.”

Évariste hakucheka. Alisema zamani hata wao walifundishwa vile, Cyprien hakunidanganya. Lakini maji inaingia kwenye kamudomo dawa inapotokea, na upepo unaosukuma dawa unakuta njia imefungwa. Dawa inatoka kidogo, ao inatoka matone mazito yasiyofika kifuani. Na kule kuelea hakusemi ukweli wa kilichobaki. Niweke tu alama kwenye kalendari ya parokia kila nikifinya, nihesabu. Plastiki ndiyo ya kuosha, ikauke kabisa. Chuma isiguse maji, wala isikae jikoni kwenye mvuke. Mama Zabibu, pale kwenye benchi, akasema: “Kumbe anaogeshaka dawa. Siku ingine ataipaka mafuta.” Hata mimi nilicheka, na kucheka kukanikohoza.

Sasa Yaya, kile sikumuambia Évariste, wala Padri, nakuambia wewe. Nilikuwa najua. Si kwa masomo, kifua chenyewe ndicho kiliniambia. Kila siku ya kwanza, kesho ya basini, pompe ilikuwa zaifu, kisha inarudia nguvu katikati ya juma. Miezi mingi nimeona vile. Na siku ya Mungu nikitoka misa nilikuwa najaza basini tena, naweka kiti chake kando ya changu, natumbukiza. Sababu ilikuwa imebaki ile dakika moja tu ambamo ni kama mutu angali ananiuliza kama kesho nitapumua. Sikutaka kufa, usiwaze vile. Nilitaka kuulizwa.

Siku ya Mungu hii imepita, sikutumbukiza kitu. Pompe mupya ya Évariste iko kabatini kati ya nguo kavu. Nikakaa. Muchana ukawa murefu, nikauogopa kuliko siku ya moshi. Nilisali rozari, ikaisha, na muchana ungali uko. Ndiyo nimekamata kalamu.

Sikuombi uhamie huku, una bwana wako na mashamba. Naomba siku moja ya Mungu, kisha misa, uje ukae hapa kando yangu. Hata tusiseme sana. Uniulize tu kama napumua, nami nitakujibu.

Umusalimie Papa Ignace, na mama wa shirika yako wote wanaonikumbuka kwa sala. Bikira Maria akufunike na nguo yake.

Mudogo wako anayekupenda,
Eulalie