Kompyuta ya Hospitali Sasa Inamsikiliza Christabel

Baba Christa,

Maharagwe yako kwenye sufuria, yapashe tu. Usielekee mtaa wa Hai Jalaba, bado wanapigana huko. Nimerudi kuchukua nguo na uji wa binti yetu. Leo nalala naye kazini kwake hospitalini.

Jana ile kompyuta kuu yenye faili za wagonjwa ilijiwekea masasisho ya programu, kisha ikajizima na kujiwasha upya katikati ya upasuaji. Daktari akabaki na skrini nyeusi, hajui majeruhi ni wa kundi gani la damu. Kwa bahati majeruhi alinusurika. Leo asubuhi daktari akamwambia Christabel, "Zima hayo masasisho yote!"

Ungemsikia binti yako! "Hapana, daktari. Tukiyazima, tunawaachia wezi wa mtandaoni mlango wazi. Kompyuta itaendelea kujisasisha, lakini haitajiwasha upya mpaka mimi niiambie."

Akaiandikia kompyuta mistari michache ya amri. Wodi ilipotulia, akawatangazia wote kwamba itazimika kidogo, akaiwasha upya mwenyewe. Faili zote zikarudi. Daktari akampa mkono mbele ya watu, na mimi nimesimama pale na leso yangu kama mama wa bibi harusi.

Na wewe ulisema kubonyezabonyeza si kazi! Nitakukumbusha hadi uzeeni.

Ndege ya kuwahamishia watu Nairobi: ~~mwandikishe Christabel kwanza~~ usimwandikishe. Nilimbembeleza, akasema, "Mama, nikienda, nani ataiangalia kompyuta?" Nilikasirika, kisha nikaja kumchukulia nguo. Kama ulishatuandikisha, futa jina lake. Futa na langu. Lako, amua mwenyewe.

Mama Christa