Viatu Ndani ya Kasha la Baba

Baba yangu,

Salamu nyingi zikufike huko uliko, Mungu akurehemu. Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua, na kila asubuhi anakutaja. Dada Asha hajambo. Mwanangu Khamis hajambo, na mkewe Zuwena, na kitoto chao, keshaota meno, ananuma. Mimi hapa kwetu Hail nnajikongoja, lakini moyo umenichafuka.

Baba, lile kasha ulilonichongea nilipoolewa nilimpa Khamis alipohamia nyumba yake ya Ghubra. Aliniomba mwenyewe, anataka kumbukumbu ya babu yake. Nikafurahi. Nikaitoa sanda yangu niliyokuwa nimeihifadhi mle, nikaitia begini.

Ijumaa nikenda kula kwao. Kasha nnalikuta mlangoni mwa choo cha wageni. Juu yake ule mrashi wa fedha niliompa pamoja nalo, aliofua ami Seif kwa mkono wake, wa kunyunyizia wageni marashi. Wameutia sabuni ya maji ya kunawia. Nafunua kasha, viatu. Vya mpira, vya kuendea pwani, vina mchanga bado, na soksi zimeviringwa zimekauka. Harufu ikanipanda puani.

Zuwena ananambia, "Mama, kwani si la kuwekea vitu?" Mtoto mzuri yule, ananipenda, lakini siku ile nilimwonea kinyaa. Nikavitoa viatu kimoja kimoja nikavitupa sebuleni mbele ya wageni wao, nikakaa juu ya kasha. Nikasema siondoki mpaka lipakiwe garini. Khamis akalibeba na rafiki yake mpaka garini. Mpaka leo hajanipigia simu, na mimi usingizi sina. Nachelea nimemvunjia heshima mkewe. Lakini Baba, sabuni ndani ya mrashi?

Nimelifuta kasha kwa maji ya waridi. Nimelifukiza udi mpaka Mama akakohoa. Nikifunua, bado lanuka soksi. Wewe ulikuwa ukilipaka mafuta ukisema, "Mti hushika harufu ya mwenyewe." Haya, sasa umeshika ya miguu ya watu.

Nakuaga, Baba. Nakuahidi kiatu hakitaingia tena humo mimi nikiwa hai. Lakini wewe ndiye uliyelichonga, dawa yake waijua. Nijie hata ndotoni unambie, na usikawie. Sanda yangu bado imo begini, inangoja kurudi kashani, na sitaki kuja kwako nnanuka soksi.

Mwanao