Nyumba ya Mama Isifukiwe

Newala

Kaka Damiano,

Shikamoo. Nimeanza nayo kwa sababu tulilelewa hivyo, si kwa sababu moyo wangu umekuamkia. Wifi hajambo? Watoto je? Ng'ombe wamepata majani? Mimi afya ninayo, ila vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Tunabangua tangu asubuhi, na joto la ghala hili wewe usingelivumilia hata siku moja. Nimekupigia mpaka nikagundua umeifungia namba yangu. Basi soma. Barua hii nimempa dereva wa lori anayepanda Babati, na kutoka hapo italetwa mpaka mkononi mwako.

Shangazi amenieleza yote. "Veronika, nyumba ya kaka yako imefunguka juu kama sufuria," aliniambia. "Mama yako alikuwa ndani anachambua maharage. Bati zikaenda na upepo, boriti ikamshukia mkono. Mimi nimekimbia na kitenge tu, nimemfunga, tumempeleka zahanati."

Mkono wa mama umevunjika, umefungwa hogo la plasta, na wewe hukunipa habari. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe hukusikia, kaka, akavunjika mwingine.

Umefika kidato cha nne, lakini bonde ulilozaliwa hujalisoma. Upepo wetu unatoka mashariki. Unapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa, unabanwa kati ya vile vilima viwili juu ya shamba la katekista, halafu unashuka kwetu kwa hasira. Mwezi wa saba unang'oa mahindi yaliyokauka na mizizi yake. Mtoto yeyote wa kijijini kwetu Nambis anayechunga mbuzi anajua ajikinge wapi. Wewe ukaenda kujenga pale pale kwenye kigongo, mlango ukauelekeza mashariki, eti watu wa barabarani waone bati zinang'aa. Upepo ukaingia mlangoni kama mgeni aliyekaribishwa, ukatokea juu.

Babu hakuchimba nyumba ubavuni mwa mlima kwa sababu alikosa akili. Alichimba kwa sababu wezi wa ng'ombe walikuwa wanasimama kwenye kigongo hicho hicho wakichungulia bondeni, na walichoona ni nyasi tu. Paa la udongo lilikuwa sawa na mteremko, mbuzi wakipanda juu yake kula. Mlango alielekeza magharibi, upepo ukapita juu bila kugusa hata moto wa jikoni. Enzi za vijiji vya ujamaa walimhamisha wakamweka kando ya barabara kwenye nyumba ya miti iliyosimama wima. Masika mawili hakumaliza. Paa lilichukuliwa na upepo, akarudi zake shimoni na ng'ombe wake, na hakuna aliyemfuata. Baba alitusimulia hayo tukiwa wawili, mimi na wewe, tukiota moto. Au ulikuwa umelala?

Sasa nasikia mama alipotoka zahanati alikataa kwenda kwako, akarudi kwenye nyumba ya babu. Nawe ukamwambia shangazi kuwa mama amezeeka, anapenda kulala na ng'ombe. Umekodi trekta lije Jumamosi kuifukia, kwa sababu Jumapili wakwe wanakuja kumposa binti yako na hutaki waone shimo. Kaka, nimeona aibu mpaka wenzangu huku wakaniuliza nimefiwa na nani. Wewe ulizaliwa ndani ya shimo hilo. Mimi pia. Kitovu chako kimo humo, na unataka kukimwagia mawe.

Usinijibu kwamba mimi ni mwanamke na ardhi hainihusu. Sitaki ardhi. Nataka mama alale mahali ambapo hakuna kitu cha kumwangukia.

Nisalimie wifi, ambaye najua alikukataza kuifukia. Nisalimie shangazi, na katekista jirani yetu anayemletea mama maji. Binti yako mwambie kwamba wakwe wa kumkataa kwa ajili ya nyumba ya bibi yake, heri wamkatae mapema.

Mama usimpe salamu zangu. Jana nimeongea naye kwa simu ya shangazi. Amesema trekta likija litamkuta ndani amekaa, na hatanyanyuka. Hakulia, hakupaza sauti, alisema kama mtu anayeagiza chumvi. Nimeomba ruhusa kazini na tiketi ninayo. Ijumaa jioni nitakuwa nimefika, na Jumamosi nitakaa pembeni yake, upande wa mkono mbovu. Utamwelekeza dereva mwenyewe, kaka, aanze kumwaga udongo upande wa nani.

Ni mimi mdogo wako, tumbo moja,

Veronika