Mkeka Wangu na Mpira wa Gesi

Lupe, nusura nimuue mjukuu wangu. Mimi, bibi yake!

Unajua mapafu yake yamegoma tangu azaliwe. Hapa hospitalini wamempa dawa ya gesi, anaivuta pamoja na hewa kupitia mpira, ili mishipa ya mapafu ifunguke. Haitakiwi kukatika hata kidogo.

Sasa mimi nitaombaje bila mkeka kiunoni, vazi letu la heshima? Nikaufunga, nikapiga magoti. Wakati wa kuinuka mkeka ukaunasa ule mpira, nao ukachomoka.

Ukachomoka, Lupe! Mtoto akageuka rangi, mashine zikalia. Nesi Bronwyn akafoka, “Bibi, toka! Toka!” huku anaurudisha na kumbinyia hewa kwa mfuko wa mkononi.

Binti yangu Kalo, mama wa mtoto, hakulia. Alisema tu, “Mama, umefanya nini?”

Umefanya nini. Bado naisikia.

Sasa niko koridoni. Mwambie mwalimu wetu leo jioni siji darasani.

Kalo katoka sasa hivi. Rangi ya mtoto inarudi, ila bado hali ni mbaya. Kaniambia, “Ingia umalizie sala, Mama. Huo mkeka uache hapo.”

Nimeuweka kwenye kiti. Najiona kama niko uchi mbele za Mungu. Naingia hivyo hivyo.