Jeki ya Gereji ya Uani

Tunduma, 9 Agosti 2012

Kwako Baba Shamsa, huko Saza,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na Shamsa ameota jino la pili.

Uliniagiza nichague jeki ya pikipiki ya gereji yetu ya uani, badala ya ile uliyosema wezi waliibeba pamoja na cherehani yangu, siku nilipokuwa msibani kijijini Ruanda. Nimezunguka maduka hadi Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Za kule zinang'aa, lakini moja tuliipandishia pikipiki ikawa inashuka yenyewe taratibu, na muuzaji ananiambia, "Mama, hiyo inapumua tu."

Jana mzee mmoja wa vyuma chakavu akanitolea jeki iliyotumika. Nikaona mguu wake umechomelewa nondo na kupakwa rangi ile ile ya bluu ya mlango wetu. Nikamuuliza kaipata wapi.

"Kaniletea mwenyewe, fundi mmoja mrefu mwenye pengo. Alisema anahamia Saza."

Sikubishana naye. Nimeinunua, ipo mahali pake, na inanyanyua vizuri.

Sasa niambie, Baba Shamsa: cherehani yangu nikaiulizie duka gani?

Mkeo,
Nuria