Mchoro wa Stima

Bondeni, Nakuru
Jumapili, 10 Januari 1954
Asubuhi kavu. Upepo wa ziwani, vumbi jeupe la magadi hadi ndani ya sukari.

Mdogo wangu Makokha,

Pokea salamu zangu na za baba. Sisi ni wazima, ila macho yake sasa hata dirisha hayalitambui. Wewe na mama watoto mko salama? Kikohozi cha Sally kimepungua?

Nilisikia kwamba Mageta, meli aliyofanyia kazi baba, itakatwa vyuma chakavu. Nilimwambia baba, nikajuta. Hakula mchana wala jioni. Unajua alivyosimama mbele ya moto wake tangu wewe hujazaliwa, akiulisha kuni mpaka ukamla macho. Jana ameniambia, "Ningekuwa na macho ningekwenda kuiaga. Sasa nitaiaga na nini?" Nikamjibu, "Na mikono, baba."

Kwa hiyo tunaiunda. Ndiyo, cheka. Kipimo ni inchi moja kwa kila futi nne. Meli ya futi mia na themanini itatoka inchi arobaini na tano, na meza ninayosahihishia madaftari ya wanafunzi itaitosha. Nimempata seremala, Gathogo, mtu wa kijiji cha Bahati mwenye benchi nyuma ya soko. Meli hajaiona maishani. Ziwa analolijua ni hili letu la ndege wekundu, lisilobeba hata mtumbwi. Wewe uko bandarini kila siku. Tupimie, utuchoree, hasa chumba cha moto, maana baba atakipapasa hicho kwanza.

Watoto wa jirani wanamcheka anaposema stima. Hapa ukisema stima watu hutazama juu, kwenye zile waya za umeme zinazoturuka kwenda kwa Wahindi. Juzi mmoja alimuuliza, "Babu, kumbe ulikuwa unaendesha taa?"

Dada yako


Kisumu
27 Januari 1954

Dada yangu,

Natumaini hii itawakuta wazima kama inavyotuacha sisi. Sally amepona. Siku hizi anakohoa kwa kuigiza tu, apewe chai ya maziwa.

Kazi uliyonituma ndiyo hii. Nilipima saa ya mapumziko, mwenzangu akishika ncha ya pili ya utepe na kuniuliza kama nataka kuoa pale. Juu nimeandika MCHORO WA STIMA kwa herufi kubwa, usije ukawashia nao jiko. Karatasi ni ya ofisi, basi sehemu yenye chapa nimeikata, na jina langu sikuweka. Wameanza ukali sana juu ya vitu vya ofisi.

Chumba cha moto nimekichora peke yake: tangi kubwa la mvuke, mabomba yote, milango ya moto. Mahali pake mzee nimepaandika pia: "Hapa husimama watu wawili. Usiku hubaki mmoja." Mwambie alama ya kiatu chake bado iko sakafuni. Ni uongo, lakini mwambie.

Mdogo wako


Nakuru
Jumapili, 14 Machi 1954
Mawingu mazito juu ya Menengai, lakini hakuna tone.

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Huku afya ni nzuri, na baba amenenepa. Sababu ni stima.

Mwili wa meli umekwisha, wa mti wa mtarakwa. Nyumba nzima inanukia. Bati za ubavuni nimezikata kwenye debe la mafuta ya taa, madirisha ni vijitundu vya chuma vya viatu vikuukuu, kamba za sitaha ni uzi wa kushonea magunia. Kila jioni Gathogo huleta kazi ya siku, na baba huikagua kwa vidole. Ungewasikia.

"Fundi, hii ni meli au karai?"

"Mzee, mimi maji makubwa niliyoyaona ni ya pipa. Nieleze."

"Tumbo limenona. Hii ikiingia ziwani, samaki watafikiri ni shangazi yao."

"Basi nampunguza shangazi." Na kesho yake anaipunguza, akirudi kwenye mchoro wako, ambao anautembeza mfukoni pamoja na kipande chake cha utambulisho. Tangu hali ya hatari itangazwe, Mkikuyu hapa havuki barabara bila kipande. Mchoro wenyewe namwambia auache nyumbani. Anasema mbuzi wa mkewe hula karatasi.

Alipofikia chumba cha moto, baba aliomba awekewe wale watu wawili. Gathogo amechonga mmoja, mrefu kama kidole changu kidogo, na koleo mkononi. Baba alimgusa, akasema, "Huyu ni mimi. Nichongee na mwenzangu." Wa pili bado.

Dada yako


Nakuru
Jumatano, 21 Aprili 1954
Mvua tangu alfajiri, barabara ya sokoni haipitiki.

Mdogo wangu,

Salamu. Baba mzima. Wengine sijui niseme nini.

Jumatatu askari walizingira soko. Gathogo alipekuliwa, wakaukuta mchoro wako mfukoni. Mkalimani alisoma MCHORO WA STIMA. Makokha, waliona mtambo wa umeme. Tangi, mabomba, milango, kisha "Hapa husimama watu wawili. Usiku hubaki mmoja." Wanasema hao ni walinzi, na kwamba alikuwa anawapimia watu wa msituni mahali pa kulipua.

Nilikwenda kituoni nikiwa nimeifunga meli kwa leso kama mtoto. Afisa aliizungusha mara moja. "Hiki ni kipande cha mti," alisema. "Nionyeshe aliyechora." Basi nikampa barua yako ya Januari, nikidhani itaokoa. Niliisoma mbele yake na nikasikia mwenyewe inavyosema. Haina neno meli hata moja. Inasema ulikata chapa. Inasema hukuweka jina. Inasema ni uongo lakini mwambie. Mwishoni imesainiwa "Mdogo wako." Akauliza, "Mdogo wako ni nani?"

Jina lako sikulitaja. Nilisema ni mtu wa Kisumu, naye atakuja mwenyewe. Ukija kwa hiari yako utakuwa shahidi, wakikufuata utakuwa kitu kingine. Panda treni. Ukishindwa, nenda kwa mkuu wa wilaya hapo, uape kwa maandishi kwamba ulichora Mageta. Watu wanasema kosa kama hili adhabu yake ni kamba.

Dada yako


Nakuru
Jumapili, 9 Mei 1954
Jua baada ya mvua. Nzi wengi.

Mdogo wangu,

U mzima? Nauliza kweli.

Kila siku natoka shule nikipitia posta. Ijumaa baba aliniomba nimshike mkono, twende kituoni akaseme mwenyewe. Alivaa koti lake la melini. Alisimama wima akasema, "Bwana, hiyo ni stima yangu. Nimeilisha kuni mimi."

Mkalimani alimwekea karatasi mbele. "Mzee, mchoro wenyewe ndio huu?"

"Mimi sioni, mwanangu."

"Kwa hiyo hujawahi kuuona."

"Sijauona."

Walicheka, Makokha. Hata askari wa mlangoni. Baba aligeukia upande wa kicheko akangoja kiishe, kama mtu anayengoja gari lipite avuke.

Kesi ni Jumatatu tarehe 17. Usipofika kufikia Jumamosi, nitalitaja jina lako.

Dada yako


Kisumu
12 Mei 1954

Dada Milcah,

Ninayo furaha kukujulisha kuwa mimi ni mzima wa afya, pamoja na mama watoto, watoto wote, na mama mkwe ambaye yuko kwetu tangu Pasaka. Mvua imenyesha vizuri na mahindi yamefika magotini. Ng'ombe wa mjomba amezaa ndama jike. Natumaini baba hajambo na kazi yako ya ualimu inaendelea vema.

Kuhusu lile unaloliandika, mimi sijui mchoro wowote. Mimi ni karani wa ghala, sichori. Kama kuna barua iliyosainiwa hivyo unavyosema, wadogo zako ni wengi, hata wa ukoo wanakuita dada. Wiki iliyopita wenzangu wawili waliondolewa kazini na nyumba zao zikapekuliwa, kwa ajili ya karatasi tu. Sally ana miaka mitatu.

Mageta walimaliza kuikata Ijumaa. Hakuna hata bati lililobaki.

Namtumia baba sweta.

Mdogo wako


Nakuru
Jumapili, 21 Novemba 1954
Manyunyu alfajiri, kisha shwari. Menengai imejifunika ukungu.

Makokha,

Baba yu hai. Ndilo uliloliuliza katika barua zako mbili.

Jina lako nililitaja. Afisa alipiga simu Kisumu nikiwa nimesimama pale, akasikiliza, akaiweka chini. Karani huyo hajui mchoro wowote, alisema. Nikamwambia basi wampeleke mtu akaipime Mageta yenyewe. Akauliza iko wapi. Gathogo alikuwa benchini na pingu, akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama anavyoutazama ubao aliokata ukatoka mfupi.

Kamba hawakumpa. Walimpeleka kambi ya kizuizini. Mwezi wa Septemba mkewe alikuja mlangoni kwetu na patasi yake ndogo. Alikuwa ameambiwa ni homa. Maiti hakuonyeshwa. Alisema patasi ni ya mzee, mumewe alikuwa hajamaliza kazi ya mzee. Nilimkaribisha chai akakataa, akarudi Bahati kwa miguu.

Meli nimeimalizia mimi. Bomba la moshi, ngazi, hata nanga. Nilitaka kumchonga na yule mtu wa pili, baba akaninyang'anya patasi. "Mwache," alisema. Kwa hiyo katika chumba cha moto amesimama mmoja. Baba huingiza kidole pale kila siku baada ya chakula, humgusa huyo, kisha husogeza kidole kando, mahali patupu, hukiacha hapo. Kukuuliza hakuulizi tena. Sweta yako ameivaa, maana sikumwambia imetoka wapi.

Mwezi huu walisimamisha nguzo katika mtaa wetu. Jana jioni taa ziliwaka kwa mara ya kwanza, na watoto wote wa Bondeni wakatoka mbio wakipiga kelele, "Stima! Stima imefika!" Baba alikuwa amelala. Aliinuka kitandani, akatafuta koti lake ukutani, akalivaa juu ya nguo za kulalia. Nikamwambia alale, ni watoto tu. Hakunisikia. Alikuwa ameuelekeza uso mlangoni.

"Imeleta nani?" aliuliza.

Nilimwambia haijaleta mtu. Akakaa ukingoni mwa kitanda na koti lake, akingoja washuke wote. Taa ya barabarani ilikuwa inaingia ndani hadi juu ya meza, nikaweza kuiona meli nzima bila kuwasha koroboi. Nililala saa kumi kasorobo.

Milcah Nanyama