Simu Yako Imemjibu Mama

Nkowe,
Ruangwa.
16 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Amri,

Asalaam aleikum. Hujambo, baba? Za Kigoma, za kazi, za upweke? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila mgongo wangu unalalamika kwa kuinama kuokota korosho. Mikorosho imebeba mwaka huu, na watoto wakitoka shule wanakimbilia mabibo badala ya kunisaidia. Mama naye hajambo. Yuko kwake Lionja, amekataa katakata kuhamia kwangu, eti kuku wake nani atawafungia.

Nguo ulizowatumia watoto zimefika. Gauni la Bibie linambana mabegani lakini hataki kulivua.

Sasa tuje kwenye ubishi wetu. Ulipoandika kwenye kundi la ukoo kwamba toleo jipya la mfumo wa simu yako ni mapinduzi, shemeji yako Sultani alifurahi kama kaletewa yeye. Unamjua, fundi simu akisikia kitu kipya hata ugali unapoa. Mimi nikauliza, mapinduzi gani? Wamebadili rangi, vitufe vimekuwa kama vya kioo, saa imehamishwa pembeni. Nyumba ni ile ile, imepigwa chokaa tu.

Sultani akaja juu: "Mama Bibie, hiyo simu inapokea yenyewe! Namba isiyoijua inaiuliza we nani na una shida gani." Nikamwambia mlinzi wa getini pale wilayani ananiuliza hivyo tangu nasoma, na hakuna aliyemwita mapinduzi. Watoto walitucheka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kinachofuata sitaki ukoo mzima ukisome.

Wiki iliyopita Mama alitaka kukusalimia. Simu yake imeingia maji, akaazima ya jirani yake, Nuhu. Namba hiyo huna, basi simu yako ikampokea yenyewe, kwa sauti ya kike, kwa Kiingereza. Mama akasikia mwanamke ndani ya nyumba yako.

Amri, alifurahi! Nuhu anasema alivuta mkeka akakaa kabisa. "Hujambo, mkwe wangu? Umeamkaje? Na kwenu wazima?" Akamshukuru kwa kukutunza, akamweleza kwamba wewe mboga isiyotiwa karanga huigusi. Sauti ikauliza tena kwa Kizungu chake, halafu ikakata. Mama hata hakununa. Alisema mtoto wa watu ana haya.

Sultani ananiambia sauti ile huwa inataka mtu aseme sababu ya kupiga. Mama angesema nini? Hana sababu. Huwa anakupigia tu.

Nilipokwenda kumwona nilikuta Lionja nzima ina habari, na mkwe ameshawekewa kitenge na korosho zilizobanguliwa vizuri. Nilifungua mdomo nimwambie ile ni mashine, nikaufunga. Tangu marehemu wifi yangu Saada atutoke ukabaki peke yako katika nyumba ile, sijamwona Mama akicheka namna hiyo.

Sultani anadai ameshinda: kitu kilichomfurahisha Mama hivyo, si kipya hicho? Nimemjibu kipya kingekuwa wewe kupokea simu. Usinikasirikie. Najua namba ngeni zina matapeli, na najua tangu msiba hupendi kuongea. Lakini nakukumbuka, mdogo wangu, na kukusikia ni shida.

Nilipokuwa naaga, Mama alinishika mkono. Hakuuliza mwanamke huyo ni mzuri au wa kabila gani. Alisema tu, "Zaina, sasa mwanangu akiugua yupo wa kumpa maji."

Hapo ndipo nimeshindwa. Siwezi kumwambia mimi kwamba humo ndani hamna mtu. Mpigie wewe kwa namba ya Nuhu, ile iliyobaki kwenye simu yako, umwambie kwa sauti yako, na usikate haraka. Akilia, mwache alie, nawe ukitaka kulia, lia. Mtakuwa wawili.

Msalimie Gwakisa, jirani yako, mwambie akugongee mlango mara kwa mara. Sultani, Bibie na Sadiki wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akulinde huko, akujaalie binadamu wa kweli wa kukuitikia ukiita.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Zaina